Nguo inasema nini juu ya kazi yako?

Asubuhi, mama mmoja anapita kwenye kituo cha moto, amejifunga kikwembe na sandale miguuni. Wamotari wanamuita: "Mama, tukupeleke soko?" Kwao, ni muuzaji. Saa mbili baadaye, mmoja wao anapeleka mtoto mgonjwa kwenye kituo cha afya. Anamkuta mama yule yule, sasa na koti jeupe. Sauti inabadilika: "Samahani, Docta."

Mama ni mmoja. Kilichobadilika ni nguo, na kila mara wamotari wamekosea: yeye si muuzaji wala si daktari, ni muuguzi.

Kwa nini tunafanya vile? Mtu tusiyemjua, hatuwezi kumuuliza kila kitu. Macho inatafuta alama iliyokwisha kuona. Kombinezo yenye mafuta: fundi wa magari. Shati jeupe na suruali ya bluu: mwanafunzi. Jile yenye maandishi: mtu wa shirika, na hapo hapo bei ya makala inapanda.

Lakini alama hizo tumefundishwa, na zinabadilika. Wakati wa Mobutu, suti na kravate vilikatazwa, abacost ikawa nguo ya wakubwa. Mwezi wa nne 1990 kravate iliruhusiwa tena. Leo kijana akiivaa, jirani wanauliza: "Umepata kazi ya biro?" Kumbe anaenda tu kwenye ndoa.

Kwetu mashariki, kukisia vibaya kunaweza kuleta hatari. Wakati wa Ebola, Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu wa afya walishambuliwa mara nyingi. Jile iliyofungua milango mahali pengine, hapo iliweza kumtia mtu mashakani. Vilevile kijana anayenunua sokoni suruali ya rangi za kijeshi, kwa sababu ni ya bei ndogo na nguvu, anaweza kusimamishwa kwenye barriere kama muasi. Usiivae, hata kama unaipenda.

Na kuko upande mwingine: mwizi naye anajua tunaamini nguo. Jile inashonwa, koti jeupe linanunuliwa.

Basi, mgeni akifika kwako akisema ni wa chanjo au wa kuhesabu watu, mpokee kwa heshima, lakini uliza mambo matatu: kitambulisho cha kazi chenye picha, barua ya kazi yenye muhuri, na kama shefu wa avenue au wa nyumba kumi anamjua. Mtu wa kweli hatakasirika.

Na yule uliyemuona na kikwembe na sandale? Msalimie vizuri pia. Kesho unaweza kumkuta ndiye anashika sindano.