Kumtuma shujaa si kumwendesha
Juzi mjukuu wangu alinicheka nilipomwambia, "Mbofye adui!" Akanijibu, "Babu, hapa hakuna kipanya." Kweli bwana. Mchezo wa Diablo III ulipotoka kwenye kompyuta mwaka 2012, mchezaji alibofya mahali, shujaa akaenda mwenyewe. Yaani alimtuma. Toleo la mwaka 2013 la PlayStation 3 na Xbox 360 lilileta vijiti: kimoja kinamwendesha shujaa hatua kwa hatua, kingine kinambingirisha akwepe pigo. Enda ikawa endesha, bingirika ikawa bingirisha. Kauli ya kutendesha ndiyo inayotawala. Kinachobofywa kwenye konsoli ni kitufe, si adui. Mfasiri wa maelekezo asipotofautisha yambwa hizo mbili, mchezaji atauawa angali anatafuta pa kubofya.