Sura ya 7: Mwenye Nyumba Ameondoka, Vyombo Vimebaki

Mauzo ya nyumba Jinja au Mbale, mashariki mwa Uganda, hupita njia inayojulikana. Dalali anamleta mnunuzi, wakili anapekua hati katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anashuhudia na kugonga muhuri, ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 unalipwa, kisha funguo zinakabidhiwa. Njiani watu huulizana mengi: mpaka uko wapi, je, kuna mkopo wa benki, mke au mume ameridhia? Swali moja huachwa hadi mnunuzi anapofungua mlango kwa mara ya kwanza: stoo ina nini?

Tuseme nyumba iko Mpumudde, Jinja. Sebule imefagiwa vizuri. Stoo ina friji bovu, kitanda cha chuma kisicho na chaga, madumu manne ya rangi iliyokauka, magunia ya saruji iliyoganda, na sanduku la bati lenye kufuli. Muuzaji yuko Kampala na simu haipokelewi. Mnunuzi anataka kupaka rangi kesho. Je, atupe? Auze? Avunje kufuli?

Msimamo wa sura hii ni huu: kitu hakipotezi mwenyewe kwa kuachwa nyuma ya mlango. Mwenyewe anakipoteza anapokiuza, anapokitoa, au anapokitelekeza kwa kusudi linaloonekana wazi. Kunyamaza si kuuza wala kutoa, na karibu ugomvi wote wa aina hii huzaliwa na ukimya wa pande mbili.

Kilicho sehemu ya nyumba na kisicho sehemu yake

Tuanze na vitu ambavyo muuzaji hana haki ya kuvichukua. Sheria ya Uganda ilirithi kanuni ya Kiingereza kwamba kilichofungwa kwenye ardhi huwa ardhi. Namna ya kuipima kanuni hiyo ilielezwa vizuri mwaka 1872 katika kesi ya Holland na Hodgson, iliyohusu mashine za kufuma nguo zilizopigwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda. Mahakama iliuliza maswali mawili: kitu kimefungwa kwa nguvu kiasi gani, na kilifungwa kwa kusudi gani? Jaji Blackburn alitoa mfano wa mawe. Yakirundikwa uani kusubiri kazi ni mali inayohamishika. Mawe yaleyale yakipangwa kuwa ukuta, hata bila chokaa, ni sehemu ya ardhi. Mashine zile zilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo.

Pima nyumba ya leo kwa maswali hayo. Geti, milango, madirisha, masinki na nyaya za ukutani huenda na nyumba. Mapazia, sofa, jiko la gesi na jenereta lililowekwa tu chini ni vya muuzaji. Katikati kuna vitu vinavyogombanisha watu: tangi la maji lililokaa kwa uzito wake juu ya mnara wa zege, paneli za sola, hita ya maji, kamera za ulinzi, kabati lililotengenezwa kwa kipimo cha ukuta. Kila kimoja kina hoja pande zote mbili, na hoja huwa ghali mahakamani kuliko kitu chenyewe. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye makubaliano.

Mita ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, ina sheria yake. Hiyo si ya muuzaji wala ya mnunuzi. Ni ya msambazaji wa umeme, aliyekuwa Umeme hadi 31 Machi 2025 na ambaye sasa ni UEDCL. Mita ya maji nayo ni ya Shirika la Taifa la Maji. Muuzaji anachoweza kuacha hapo ni deni, na deni la maji ni kero kuliko friji bovu kwa kuwa linaweza kumkatia maji aliyekuja baadaye. Dai risiti ya mwisho na badilisha jina la akaunti kabla ya kukamilisha malipo.

Nyumba tupu iwe tupu

Sasa vile ambavyo muuzaji alipaswa kuvichukua. Mtu akiuza nyumba kwa ahadi ya kuikabidhi ikiwa tupu, hatimizi ahadi hiyo kwa kuondoka na familia yake tu. Mwaka 1946 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya ghala lililouzwa huku vyumba vyake vya chini vimejaa takataka, yakiwemo magunia mengi ya saruji iliyoganda. Muuzaji alikuwa ameshatoka. Mahakama ilisema hilo halitoshi: takataka zilimzuia mnunuzi kutumia sehemu kubwa ya alichokinunua, kwa hiyo muuzaji awajibike. Uamuzi huo haumfungi jaji wa Uganda, lakini wakili aliye mbele yake anaweza kuutumia, na mantiki yake haina utata.

Zingatia kipimo chake. Ufagio uliosahaulika nyuma ya mlango haumzuii mtu kuishi. Stoo isiyoingilika inamzuia. Gharama ya kukodi lori na vibarua kuondoa mzigo huo ni hasara inayoweza kudaiwa. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo, ambako mtu hujieleza mwenyewe bila wakili.

Lakini haki ya kudai gharama haimpi mnunuzi ruhusa ya kufanya apendavyo na vilivyomo. Kwa jicho la sheria amekuwa mtunzaji bila kujitakia. Halazimiki kuvitunza kama vyake, lakini akiviharibu kwa makusudi au kuviuza haraka, anaweza kuishia kushtakiwa yeye. Kwa hiyo tenga aina tatu. Takataka dhahiri, kama saruji iliyoganda, zipige picha kisha uzitoe. Mali yenye thamani ihamishie mahali pakavu, iorodheshe mbele ya shahidi, na mpe mwenyewe taarifa ya maandishi yenye tarehe ya mwisho. Siku 14 si haba kwa kitanda na friji. Aina ya tatu ni lile sanduku la bati. Ndani yake huenda mna vyeti vya shule, vya kuzaliwa, hati ya kiwanja cha kijijini, au picha pekee ya marehemu. Sanduku hilo lisifunguliwe na mtu peke yake. Mwite mwenyekiti wa LC1, andikeni kwamba lina kufuli, na lihifadhiwe hadi mwenyewe au jamaa yake apatikane. Kwako ni bati na kutu. Kwa mwenzio huenda ni ushahidi wa maisha yake yote.

Siku 90 za mwaka 1972

Hakuna miji ya Uganda mashariki inayofundisha somo hili, kwamba kuacha si kutelekeza, kwa uchungu kuliko Jinja na Mbale. Tarehe 4 Agosti 1972, akihutubia wanajeshi Tororo, mji ulio kusini mwa Mbale karibu na mpaka wa Kenya, Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Walipewa siku 90, na siku ya mwisho ikawa 8 Novemba. Fedha na mizigo waliyoruhusiwa kutoka nayo ilikuwa kidogo mno. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Wengine walikwenda Kanada, India na kwingineko.

Tembea Main Street ya Jinja uinue macho. Juu ya maduka, kwenye saruji iliyofinyangwa, utasoma majina ya familia na miaka ya kujengwa, mingi ikiwa ya kati ya vita viwili vya dunia. Duka lilikuwa chini, familia nyuma au ghorofani. Mbale, mtaa mmoja ungali unaitwa Indian Quarters. Katika nyumba hizo vilibaki vitanda, sufuria, cherehani, magari na bidhaa kwenye rafu. Waliokuwa wanaondoka walitakiwa kujaza fomu za kutaja mali zao, kisha serikali ikaunda bodi ya kuzisimamia. Makampuni, ranchi na mashamba 5,655 yaligawiwa upya, pamoja na nyumba, magari na vyombo vya ndani.

Waliopewa waliambiwa ni mali iliyoachwa. Lakini kutelekeza ni kitendo cha hiari, na watu wale walilazimishwa. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali Zilizonyang'anywa, iliyoanza kutumika Februari 1983. Ilibatilisha mauzo na ugawaji uliofanywa juu ya mali hizo, na ikawapa wenyewe njia ya kurudishiwa au kulipwa fidia. Familia ya Madhvani, mojawapo ya zilizofukuzwa, ilirudi Kakira, nje kidogo ya Jinja, na kufufua kiwanda chake cha sukari. Katika miaka ya 1990 wengine wengi walirudishiwa majengo yao. Migogoro haikuisha hapo. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge ilikuwa ingali inaichunguza bodi ile. Walioumia ni pamoja na wanunuzi waliolipa fedha halali kwa mtu asiye na haki ya kuuza.

Tazama kilichorudi na kilichopotea. Nyumba iliweza kufuatwa kwa sababu ilikuwa na hati, namba ya kiwanja na jina kwenye daftari la serikali. Cherehani haikuwa na daftari kama hilo. Ilipita mkono hadi mkono mpaka asiwepo wa kuulizwa. Mali inayohamishika hulindwa na orodha. Isipokuwepo orodha, haki ya mwenyewe hubaki lakini njia ya kuithibitisha hupotea.

Visivyohamishika kwa moyo

Ukitoka katikati ya jiji la Mbale kuelekea miteremko ya mlima Wanale, ardhi nyingi ni ya kimila, na kinachoachwa si kabati. Ni makaburi. Wagisu, kama Wasoga wa upande wa Jinja, huzika watu wao nyumbani. Muuzaji anahama, babu yake anabaki chini ya mgomba. Mnunuzi asijidanganye kwamba akishalipa atasawazisha: kufukua kaburi bila kibali ni kosa, na kulivunjia heshima ni kuanzisha uadui na ukoo mzima. Kuna njia mbili za haki. Ama ndugu wahamishe mabaki kwa kibali, kwa gharama iliyokubaliwa, kabla ya malipo ya mwisho. Ama eneo la makaburi lipimwe, liachwe nje ya mauzo, na njia ya kulifikia iandikwe. Wazee wa ukoo wawepo. Ridhaa ya mke au mume, inayodaiwa na Sheria ya Ardhi kwa ardhi ya familia, iwepo pia.

Kahawa nayo isisahauliwe. Mti uliomea huenda na ardhi, lakini aliyepalilia msimu mzima anaona tunda ni jasho lake. Andikeni nani atavuna msimu huu.

Kuna vinavyoachwa vinavyodhuru: dawa za shambani, betri za gari, vigae vya asbesto. Hivyo havitupwi mtoni. Usiku wa 30 Julai 2022 mito ya Mbale, Nabuyonga na Namatala ikiwemo, ilifurika na watu zaidi ya 20 walikufa. Mtaro uliojaa takataka hufanya mafuriko kuwa mabaya zaidi, na sumu hufuata maji hadi kisimani kwa mtu asiyehusika na mauzo yenu.

Karatasi moja inayoepusha yote

Uingereza wanasheria wana fomu maalumu ambamo muuzaji hupitia chumba kwa chumba na kutia alama: kinabaki, kinaondoka. Hapa hatuhitaji fomu ya kununua. Sheria ya Mikataba ya 2010 tayari inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Ongeza karatasi moja nyuma yake.

Iwe na orodha ya vinavyobaki, vikihesabiwa kuwa ndani ya bei. Iwe na orodha ya vinavyoondoka, na tarehe na saa ya kuondoka. Iseme kwamba kitakachokutwa baada ya tarehe hiyo kitatunzwa kwa siku kadhaa, kisha mnunuzi ataruhusiwa kukiuza au kukitupa, na gharama itatoka kwa muuzaji. Sehemu ya bei izuiliwe hadi nyumba ikaguliwe ikiwa tupu. Malipo ya awamu yamezoeleka kwetu, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa. Siku ya funguo, pande zote zipite kila chumba pamoja, stoo na choo cha nje zikiwemo, kisha watie saini.

Muuzaji atasema haya ni kutoaminiana. La. Karatasi hii inamlinda yeye kwanza: anayeacha sanduku kwa kusahau ana uhakika wa kulipata, na anayeacha kitanda kwa ukarimu hataitwa mtupa takataka. Watu wa Jinja na Mbale wameona serikali nzima ikitafsiri ukimya wa wasiokuwepo kuwa zawadi, na wengine wangali mahakamani kwa sababu hiyo. Sisi tunaouziana nyumba kwa hiari, tukiwa tumeketi meza moja, hatuna kisingizio cha kuacha jambo hili bila kuandikwa.