Jumba Moja la Sinema, Umri wa Aina Nne

Ukitaka kuwagombanisha wazee wa mji wowote wa Afrika Mashariki, waulize jumba lao la sinema lilijengwa mwaka gani. Mmoja atasema ni kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Wa pili ataapa kwamba saruji ilikorogwa yeye akiwa darasa la nne. Wa tatu atawacheka wote wawili. Mara nyingi hakuna aliyedanganya: mmoja anasimulia kiwanja, mwingine jengo, mwingine jina lililoandikwa juu ya mlango.

Hapo ndipo utafiti wa majumba ya sinema unapoharibika. Tunaliita jumba kwa jina moja, tukadhani ni kitu kimoja. Kwa mtafiti ni vitu vinne: kiwanja, jengo, jina na biashara. Kila kimoja kina mwanzo wake na mwisho wake, na kila kimoja kimeacha karatasi zake mahali pake. Asiyevitenganisha mapema atajaza daftari kwa tarehe zinazopingana, asijue amwamini nani.

Tuchukue Majestic ya Vuga, Unguja. Mwaka 1921 palifunguliwa pale jumba lililoitwa Royal. Mchoro wake ulikuwa wa J. H. Sinclair, ofisa Mwingereza aliyekuja kuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza visiwani, na ambaye ndiye aliyechora pia makumbusho ya Beit el Amani. Biashara ilikuwa ya Hassanali Adamjee Jariwala. Huyu alikuwa amekwishaanza kuonyesha sinema mjini miaka ya 1910, katika banda ambalo wenyeji walilibatiza Sinema ya Bati. Jengo la Royal liliteketea kwa moto miaka ya 1950, na katikati ya muongo huohuo likainuka hili la sasa, kwa mtindo wa Art Deco. Basi anayesema Majestic ni ya 1921 ana haki kwa kiwanja, lakini kwa kuta anazoziona amekosea kwa zaidi ya miaka thelathini. Na anayetaka kujua sinema ilianza lini Unguja hana budi kurudi nyuma zaidi, hadi kwenye mabati.

Nairobi mambo yalikwenda kinyume. Theatre Royal ilijengwa mwaka 1912 kwa ajili ya michezo ya jukwaani, ikaja kuwa sinema iliyojulikana kwa jina la Cameo. Hapa jengo lilibaki, jina na biashara vikabadilika. Ukimwuliza mtu umri wa Cameo, swali la kwanza litakalokurudia ni hili: umri wa nini?

Anza na tangazo

Katika vitu hivyo vinne, rahisi kufuatilia ni jina na biashara, maana vilitangazwa kila siku. Pahali pa kuanzia ni magazeti: Samachar kwa Zanzibar, Tanganyika Standard kwa Bara, Mombasa Times kwa Mombasa, na baadaye ya Kiswahili kama Ngurumo na Uhuru. Magazeti ya zamani utayapata Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam, Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani, Nyaraka za Taifa za Kenya katika barabara ya Moi jijini Nairobi, na katika mkusanyo wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tangazo la sinema ni dogo, pengine halizidi kiganja, lakini limesheheni. Lina jina la ukumbi kama wenyewe walivyotaka liandikwe. Lina jina la filamu na saa za maonyesho. Aghalabu lina bei kwa madaraja, na madaraja hayo yanakueleza ndani palikuwaje: penye bei ya balkoni pana ghorofa. Likisema filamu inaingia wiki ya tatu, umejua ilipendwa. Likisema onyesho ni la wanawake peke yao, umepata ushahidi wa zanana, yale maonyesho ya mchana yaliyowawezesha akina mama wa Kizanzibari kwenda sinema bila kukaa pamoja na wanaume. Na anwani ikibadilika huku jina ni lilelile, umegundua biashara iliyohama jengo.

Usijaribu kusoma kila toleo, utachoka kabla hujafika popote. Chagua wiki za sikukuu. Idd, Diwali na Krismasi ndizo zilikuwa siku za mavuno, na ukumbi wowote uliokuwa hai ulihakikisha una filamu mpya na tangazo la kuivutia hadhira. Pitia wiki hizo mwaka hadi mwaka. Jina linapotoweka kati ya Idd moja na nyingine, hapo ndipo unaposhuka kusoma toleo kwa toleo.

Ila kimya cha gazeti kisikudanganye. Magazeti ya Kiingereza yalilenga wasomaji wenye fedha, na kumbi za mitaa ya Waafrika ziliweza kutegemea mabango, vipaza sauti na maneno ya vijiweni. Ukumbi usioonekana gazetini si lazima uwe ulikuwa umefungwa.

Majalada ya serikali

Serikali za kikoloni ziliiogopa sinema kuliko zilivyoogopa vitabu, na hofu hiyo imetuachia majalada mengi. Kulikuwa na leseni za kumbi, ukaguzi wa usalama wa moto, na bodi za kukagua filamu. Katika Kenya ya kikoloni bodi hazikutazama umri wa mtazamaji tu, zilitazama na rangi yake: filamu iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na Waasia ikazuiwa kwa Waafrika. Jalada la leseni litakupa jina la mwenye biashara, ambaye si lazima awe mwenye jengo. Barua ya malalamiko ya majirani kuhusu makelele ya usiku inaweza kukueleza vizuri zaidi ukumbi ulifikia wapi na wakati gani kuliko hati yoyote rasmi.

Humo utakutana pia na sinema zisizo na jumba. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri milimani Usambara, palikuwa na mradi wa majaribio uliotengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha vijijini kwa gari. Baadaye idara za habari ziliendelea na mtindo huo wa magari. Kwa hiyo mzee akikwambia aliona sinema yake ya kwanza mwaka 1950 katika mji ambao leseni ya kwanza ya ukumbi ni ya 1958, usimkatalie. Mwulize alikaa kwenye kiti au alisimama uwanjani.

Kwa upande wa Tanzania Bara, mwaka 1971 ni wa kutazamwa kwa makini. Sheria ya mwaka huo iliiruhusu serikali kutwaa majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na usimamizi wake ukakabidhiwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kuanzia hapo kiwanja na jengo vinahamia jalada la umma, ilhali biashara ya ndani inaweza kuwa imeendelea na watu walewale, sasa wakiwa wapangaji. Majengo yaliyotwaliwa yalitangazwa katika Gazeti la Serikali, na humo utapata namba ya kiwanja, ufunguo wa kufuatilia hati miliki na vibali vya ujenzi.

Kuna jambo moja zaidi katika sheria hiyo. Fidia ilitegemea umri wa jengo, na lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Kwa hiyo tarehe ya kujengwa ilikuwa na maslahi ndani yake. Ukiipata katika karatasi za madai, itafute tena mahali ambapo hakuna aliyefaidika kwa kuipunguza au kuiongeza.

Jengo nalo linasema

Majumba mengi yamekuwa maduka, maghala au makanisa, lakini si rahisi kuificha sinema. Tazama kwanza sakafu. Ya sinema huteremka kuelekea lilipokuwa pazia, na mwenye duka hulazimika kuisawazisha kwa zege au kuweka ngazi pasipohitaji ngazi. Kisha panda juu, nyuma ya ukumbi, ukitafute chumba cha mashine.

Chumba hiki ndicho chenye habari nyingi. Hadi takriban mwaka 1951 mikanda mingi ya filamu ilitengenezwa kwa nitrati, inayoshika moto upesi na ni vigumu mno kuizima. Mashine nazo zilitoa mwanga kwa vijiti viwili vya kaboni vilivyowaka kwa umeme, vikitoa joto kali na moshi. Kwa hiyo chumba kilijengewa kuta nene, mlango wa chuma, bomba la kutolea moshi na, mara nyingine, ngazi yake ya nje ili moto usimfungie mwendesha mashine ndani. Matundu ya kurushia picha yalikuwa na vifuniko vya chuma vilivyodondoka vyenyewe moto ukitokea. Ukivikuta vifuniko hivyo, umepata dalili kwamba chumba kilibuniwa wakati hofu ya nitrati ilikuwa bado hai.

Hesabu pia matundu. Rili ya kawaida, yaani gurudumu moja la mkanda, ilidumu kati ya dakika kumi na ishirini hivi. Penye mashine moja, taa ziliwashwa kila rili ilipobadilishwa, na watu wakapiga miluzi. Penye jozi mbili za matundu palikuwa na mashine mbili, moja ikimpokea mwenzake bila mtazamaji kujua. Hapo unajua mwenye ukumbi alikuwa na mtaji, na alijua wateja wake hawapendi kungojeshwa.

Filamu kama kalenda

Wazee wafuate mapema, kabla ya hati miliki. Nyaraka zitakungoja, ila mwendesha mashine, mkata tiketi na mlanguzi wa tiketi nje ya mlango wanazidi kupungua. Hawa ndio watakaokueleza mambo yasiyoandikwa, kama mtindo wa Unguja wa kugawana kopi moja ya filamu kati ya kumbi mbili usiku mmoja. Kijana aliendesha baiskeli akiwa na rili iliyokwisha kuonyeshwa ukumbi wa kwanza, kuiwahisha ukumbi wa pili kabla haijahitajika. Laura Fair, mwanahistoria Mmarekani, alipoandika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018 kuhusu sinema mijini Tanzania, masimulizi ya watu kama hao ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya kazi.

Tatizo ni tarehe. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka filamu. Basi igeuze filamu kuwa kalenda. Mother India ilitoka mwaka 1957, Enter the Dragon 1973, Sholay 1975. Filamu haiwezi kuonyeshwa Tanga kabla haijatengenezwa, kwa hiyo mwaka wake unakupa mpaka wa chini. Mpaka wa juu utafute katika maisha ya msimulizi: alikuwa ameshaoa? Ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha la 1967? Kabla ya vita vya Kagera?

Si kila filamu inafaa kwa kazi hii. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa hata ikarudishwa tena na tena, na vijana waliozaliwa baada yake waliiona ukumbini kama mpya. Filamu pendwa ni kalenda mbaya. Bora ile iliyopita mara moja ikasahaulika na wengi, lakini yeye anaikumbuka kwa sababu siku ile alipigwa na babake kwa kuchelewa kurudi. Ukiipata hiyo, rudi gazetini kutafuta wiki iliyotangazwa.

Majina ya mahali nayo yasaidie. Nairobi bado watu hushuka Odeon na kuzunguka Globe, wengi wao hawajawahi kuona filamu katika kumbi hizo. Dar es Salaam wenyeji wa zamani hukwambia ubalozi wa Marekani wa barabara ya Bagamoyo ya zamani uko palipokuwa na Drive-In, ile sinema ya kutazama ukiwa garini iliyofunguliwa mwaka 1966. Jengo na biashara vyote vimekwisha, ila kiwanja bado kinatajwa kwa kazi yake ya kale.

Mwisho wa biashara nao uwe na zaidi ya tarehe moja. Mikanda ya video ilianza kuwapunguza watazamaji miaka ya 1980, televisheni ikaingia rasmi Bara mwaka 1994, na vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vikawachukua vijana waliobaki. Kumbi nyingi hazikufungwa siku moja. Zilipunguza maonyesho hadi siku chache za wiki, zikakodishwa kwa harusi na mikutano, ndipo mlango ukatiwa kufuli. Andika siku ya onyesho la mwisho na siku ya kufuli kando kando, maana si siku moja.

Ukianza, chora jedwali la safu nne: kiwanja, jengo, jina, biashara. Kila tarehe utakayoipata iingize katika safu yake, na mbele yake andika imetoka wapi: gazeti gani la siku gani, jalada namba ngapi, au nani amesema na alikuwa na umri gani jambo lilipotokea. Piga picha mabango, tiketi na vitabu vya hesabu vilivyobaki majumbani kwa familia za wenye kumbi, hata kama vimeandikwa kwa Kigujarati na wewe huvisomi, atatokea wa kuvisoma. Kisha peleka nakala moja maktaba ya mkoa au nyaraka za taifa. Na safu ikibaki tupu, iache tupu. Mtafiti atakayekuja baada yako ataona mara moja aanzie wapi.