Kupandikiza Nywele: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Kisu

Upara haumwumizi mtu wala haumzuii askari kulenga shabaha, na mzee mwenye kipara mara nyingi hudhaniwa kuwa ana fedha. Hata hivyo, kijana wa miaka 25 ambaye nywele za panjani zimeanza kurudi nyuma huona aibu kubwa avuapo bereti mbele ya wenzake. Siku hizi zipo hospitali, kuanzia Istanbul huko Uturuki hadi Nairobi, zitangazazo kwamba upara huondolewa kwa upasuaji. Tangazo huonyesha picha mbili, ya kabla na ya baada. Yaliyo katikati ya picha hizo ndiyo yampasayo mume na mkewe kuyajua kabla ya kugusa akiba ya nyumbani.

Wengi kambini hulaumu kofia, ati joto la bereti au uzito wa kofia ya chuma huua nywele. Kofia haina hatia. Mnamo mwaka 1942 mtaalamu Mmarekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, lakini wenye asili ya upara katika ukoo huanza kuupata wakipewa homoni ya kiume. Basi chanzo ni urithi, wa upande wa baba na wa mama pia, pamoja na homoni ambayo kila mwanamume anayo. Homoni hiyo hudhoofisha vinyweleo vya utosini na vya mbele. Vile vya kisogoni na vya juu ya masikio havidhuriki sana, ndiyo maana hata mzee mwenye upara mkubwa hubaki na ukanda wa nywele kuzunguka kichwa.

Upasuaji umejengwa juu ya tofauti hiyo. Daktari Mjapani, Shoji Okuda, aliandika habari za kupandikiza nywele mwaka 1939, lakini vita vikazuka na dunia haikumsikia. Mwaka 1952, mjini New York, Norman Orentreich alihamisha vipande vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni hadi penye upara, na nywele zile zikaendelea kuota kana kwamba hazikuhama. Vipande hivyo vilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, na waliopandikizwa kwa njia hiyo walifanana na wanasesere, nywele zikisimama vichaka vichaka. Sasa vinyweleo huhamishwa kimoja kimoja, au viwili vitatu pamoja, kwa muda wa saa nyingi, mtu akiwa macho kwa dawa ya ganzi. Kazi ya fundi hodari ni vigumu kuitambua.

Lakini upasuaji hauongezi hata unywele mmoja. Kisogo ni ghala, na kinyweleo kilichotolewa humo hakirudi. Kwa hiyo umri ni hoja kubwa kuliko fedha. Kijana wa miaka 22 ajazaye panja zake leo hajui upara wake utaishia wapi. Nywele zake za asili, zilizo nyuma ya zile zilizopandwa, huendelea kupungua, na afikapo miaka 40 huenda akabaki na kisiwa cha nywele mbele, uwanja mtupu nyuma yake, na ghala lisilo na kitu. Daktari mwaminifu humwambia asubiri, na humwuliza habari za vichwa vya baba yake, babu zake na wajomba zake. Daktari asiyeuliza hayo ni mchuuzi.

Askari ana lake zaidi, kwa kuwa nywele zake hukatwa fupi. Njia ya kukata ukanda wa ngozi kisogoni na kuushona huacha kovu refu, na mashine ya kinyozi huliweka wazi. Njia ya kung'oa kinyweleo kimoja kimoja huacha madoa madogo. Tena unywele wa Mwafrika hujipinda hata ndani ya ngozi, hivyo mpasuaji asiyeuzoea huweza kukata mizizi asiyoiona. Pia yapo makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, nayo huwapata zaidi watu weusi. Mtu ambaye kovu lake la zamani limevimba hivyo, au atokwaye na vipele vigumu kisogoni kila anyolewapo, amekwisha kuonywa na ngozi yake.

Dawa zipo. Minoksidili, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu, hupakwa kichwani. Ikiachwa, nywele zilizopatikana hupotea. Vidonge vya finasteridi huzuia homoni, ila huwapunguzia wanaume wengine hamu ya ndoa, na mama mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwani huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Hata aliyepasuliwa mara nyingi hushauriwa kuendelea na dawa hizi, na gharama hiyo haimo katika tangazo.

Likizo nayo ihesabiwe. Siku za kwanza kofia ya chuma haifai kukandamiza vidonda. Baada ya wiki chache nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote, jambo ambalo huwatia hofu walio nyumbani. Huanza kuota tena mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo huonekana vema baada ya mwaka. Kabla ya kulipa, iulizwe pia ni nani hasa atakayeshika kisu, maana mahali pengi jina lililoandikwa mlangoni ni la daktari, na mikono ifanyayo kazi ni ya msaidizi.