Je, Wajua? Kompyuta Hulalaje Kifuniko Kikifungwa

Kiini cha mfumo endeshi, uwe Linux au Windows, hakijui chenyewe ubao mkuu wa kila kompyuta umeundwaje. Hupewa maelezo na programu dhibiti iliyohifadhiwa kwenye ubao huo, kwa kufuata kanuni za ACPI zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kompyuta inapowashwa, programu hiyo huweka kwenye kumbukumbu (RAM) majedwali yanayotaja betri, feni, vitufe na vipimajoto, pamoja na maagizo ya kuviendesha. Kiini huyasoma na kuyatekeleza.

Kifuniko cha kompyuta mpakato kikifungwa, kihisio hutoa ishara. Kiini husimamisha programu, hupumzisha kifaa kimoja baada ya kingine, kisha huweza kuipeleka kompyuta katika hali ya usingizi iitwayo S3, ambapo RAM huendelea kupata umeme ilhali prosesa imezimwa. Katika S4, yaliyomo kwenye RAM huandikwa diskini kwanza, hivyo hayapotei hata betri ikiisha. S5 ni hali ya kompyuta kuzimwa.

Tangu mwaka 2013, kanuni za ACPI husimamiwa na shirika la UEFI Forum.