Istilahi za Fedha kwa Msafiri

Msafiri ugenini huwa na fedha za kuhesabu. Neno likimpotosha juu ya bei, hasara humwangukia yeye, si mfasiri. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza istilahi chache ambazo aghalabu huchanganywa katika vitabu vya mwongozo, tukiichukua Marekani kuwa mfano wetu.

Ya kwanza ni kodi ya mauzo. Nchini Marekani kodi hii hutozwa mara moja, bidhaa inapouzwa kwa mtumiaji. Kodi ya ongezeko la thamani, kwa upande wake, hukusanywa katika kila hatua, tangu kiwandani hadi dukani, kwa kadiri ya thamani iliyoongezwa katika hatua hiyo. Kenya iliacha kodi ya mauzo na kuanza kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1990. Tanzania Bara ilifanya hivyo mwaka 1998. Hata hivyo, jina la zamani halijatoka midomoni mwa watu, na wapo wanaoziita kodi zote mbili kwa jina hilo moja.

Kwa msafiri, tofauti hiyo hugusa mfuko. Uingereza hutoza kodi ya ongezeko la thamani, na bei anayoiona mnunuzi dukani huwa imekwisha kuijumuisha. Marekani sivyo. Huko kodi ya mauzo haitozwi na serikali kuu, bali na majimbo na serikali za mitaa, nayo huongezwa mnunuzi anapofika kwa mpokea fedha. Mjini New York jumla yake ni asilimia 8.875, hivyo sanduku lililoandikwa dola 40 hulipiwa dola 43.55. Jimbo la Oregon halina kodi hiyo kabisa. Tunapendekeza basi kwamba mwongozo wa Marekani utenganishe *bei iliyobandikwa* na *bei ya kulipa*.

Ya pili ni jozi ya kiwango cha kununua na kiwango cha kuuza. Maneno haya husemwa kwa upande wa duka la kubadilishia fedha, si kwa upande wa mteja. Msafiri atakaye dola hunena kwamba anakwenda kuzinunua, lakini kiwango kinachomhusu ni cha kuuza, maana duka ndilo limuuzialo. Arudipo na dola zilizosalia, hutazama kiwango cha kununua, ambacho huwa cha chini. Pengo lililo kati ya viwango hivyo ndilo pato la duka.

Ya tatu ni bakshishi, ambayo baadhi ya wafasiri huiita ada ya huduma. Ada ya huduma huandikwa na mkahawa wenyewe katika hati ya malipo. Bakshishi hutolewa na mteja kwa hiari, ingawa desturi ya Marekani hutazamia mhudumu wa mezani apate asilimia 15 hadi 20. Asiyejua kutenga mambo haya huweza kulipia huduma moja mara mbili.

Istilahi iliyo sawa humwonyesha msomaji nani anadai, kiasi gani, na wakati gani. Twawasihi waandishi wa miongozo wasiandike "kodi ya mauzo" ila pale ambapo kodi yenyewe ndiyo hiyo.