Kumbukumbu ya Kapteni Alan Bean: Faida ya Kuijua Kazi

Tarehe 26 Mei 2018, mjini Houston, nchini Marekani, alifariki dunia Kapteni Alan Bean akiwa na umri wa miaka 86. Alikuwa binadamu wa nne kukanyaga ardhi ya mwezi. Dunia nzima inalikumbuka jina la Neil Armstrong, aliyetangulia mwezi Julai 1969. Jina la Bean, aliyefika huko miezi minne tu baadaye, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, kwa askari wa jeshi na wa polisi, habari za Bean zina mafunzo makubwa, kwani zinahusu jambo ambalo kila askari hutakiwa kulifanya kila siku, nalo ni kukijua vyema chombo alichokabidhiwa.

Bean alizaliwa katika jimbo la Texas mwaka 1932, akawa rubani wa Jeshi la Majini la Marekani. Cheo cha kapteni katika jeshi hilo kinalingana na cheo cha kanali katika jeshi la nchi kavu. Alichaguliwa kuwa mwanaanga mwaka 1963, lakini alingoja miaka sita kabla ya kusafiri. Wenzake walipangiwa safari, yeye akapewa kazi za ofisini. Mwezi Oktoba 1967 Meja Clifton Williams, aliyekuwa katika kikosi cha Kamanda Charles Conrad, alikufa ndege yake ilipoanguka. Conrad, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa Bean katika shule ya marubani wa majaribio, aliomba apewe Bean kushika nafasi hiyo. Bean hakumsahau marehemu. Kwa shauri lake, nembo ya safari ya Apollo 12 ilichorwa nyota nne, ingawa wasafiri walikuwa watatu: Conrad, Richard Gordon na Bean mwenyewe.

Tarehe 14 Novemba 1969 roketi yao, yenye urefu wa mita 111, iliruka kutoka Florida huku mvua ikinyesha. Sekunde 36 baada ya kuruka ilipigwa na radi, na sekunde 52 baada ya kuruka ikapigwa tena. Mitambo mitatu iliyokuwa ikikipatia chombo umeme ikajikata yote. Taa za hatari zikawaka kwa wingi ambao wanaanga hao hawakuwahi kuuona hata katika mazoezi. Roketi yenyewe iliendelea kupanda sawasawa, kwa kuwa ilikuwa na mtambo wake wa uongozi ambao haukudhurika. Lakini katika kituo cha Houston tarakimu zilizofika zilikuwa vurugu tupu. Hakuna aliyeweza kujua hali ya chombo, na mkono wa Conrad ulikuwa karibu na kishikio cha kuikatiza safari.

Katika kituo hicho alikuwapo kijana wa miaka 26, John Aaron, aliyekuwa na zamu ya kuangalia umeme wa chombo. Zamani kidogo, wakati wa majaribio, aliwahi kuona vurugu ya namna ile ile ya tarakimu. Bila kuamriwa na mtu, aliulizia sababu yake, akaambiwa kwamba umeme ukipungua mno, kifaa kinachoandaa taarifa za kupelekwa duniani hushindwa kufanya kazi, na kwamba ipo swichi moja ndogo ya kukiwezesha kufanya kazi kwa umeme hafifu. Aaron alilikumbuka jambo hilo, akaitaja swichi ile.

Mkuu wa zamu, Gerald Griffin, hakuwa akiifahamu. Conrad, aliyekuwa mkuu wa chombo, naye hakuifahamu. Lakini ilikuwa upande wa kiti cha Bean, naye aliijua. Aliigeuza, na taarifa zikaanza kufika Houston zikiwa safi. Kisha akairudisha kazini mitambo ya umeme, mmoja baada ya mwingine. Safari ikaokoka.

Siku tano baadaye, tarehe 19 Novemba, Conrad na Bean walitua mwezini katika uwanda uitwao Bahari ya Dhoruba, chini ya mita 200 kutoka kwa Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichokuwa kimetua hapo mwaka 1967. Armstrong alikuwa amepitiliza mahali alipokusudiwa kutua kwa kilometa kadhaa. Hawa walipiga shabaha. Walirudi na mawe na udongo wa uzito wa kilo 34 hivi, pamoja na vipande vya Surveyor vya kuchunguzwa.

Bean hakuwa mtu asiyekosea. Akiwa mwezini aliielekeza kamera ya televisheni kwenye jua, kamera ikaungua, na watazamaji duniani wakakosa picha za matembezi yale. Kosa hilo halikumvunja moyo. Mwaka 1973 aliongoza kikosi kilichokaa siku 59 katika kituo cha anga cha Skylab. Mwaka 1981 aliacha kazi hiyo akawa mchoraji. Alitumia nyundo aliyoitumia mwezini kuzitia alama picha zake, na akazichanganyia vumbi kidogo la mwezi lililobaki kwenye nembo za vazi lake.

Watu wengi walilalamika, na kwa haki, kwamba mabilioni ya dola yalimwagwa katika mashindano ya Marekani na Urusi huku dunia ikiwa na njaa. Lakini funzo la swichi ile halihitaji mabilioni. Askari wa mawasiliano asiyezijua swichi zote za redio yake, dereva asiyekagua gari lake kabla ya doria, au mlinzi asiyeifahamu njia ya nyuma ya lindo lake, hugundua upungufu wake saa ile ambayo hakuna tena nafasi ya kujifunza. Mazoezi yanayochosha wakati wa amani ndiyo akiba ya wakati wa hatari.

Lipo pia funzo kwa maafisa. Siku ile aliyekuwa na jibu hakuwa mwenye cheo kikubwa. Griffin angeweza kumpuuza kijana yule kwa kuwa yeye mwenyewe hakulijua jambo lililotajwa. Badala yake alimsikiliza, akatoa amri, na amri ikafika kwa mtu aliyejua la kufanya. Mkubwa hakuona haya kuambiwa na mdogo, na mdogo alikuwa amejiandaa kabla ya kuulizwa. Kikosi chenye watu wa namna hiyo kinaweza kupigwa na radi mara mbili na bado kikafika kinakokwenda.